Pane ya gari barabarani: kabla ya kulipa, tuulize gari ya kuvuta inalala wapi

Kila mwaka wenye magari wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanatoa pesa za bima. Karatasi inabandikwa kwenye kioo cha mbele, polisi wa barabarani anaitazama, gari inapita. Siku hizi, pamoja na karatasi hiyo, tunauziwa kitu kingine: depanaji, yaani ahadi kwamba gari ikikufia njiani, kuna watu watakaokuja kukutoa. Wengine wanaiita asistansi. Inauzwa na kampuni za bima, inauzwa na magaraji, na wakati mwingine inauzwa pamoja na gari yenyewe.

Sipingi biashara hii. Tunaihitaji sana. Ninachopinga ni namna inavyouzwa na namna tunavyoinunua. Tunachagua kwa kutazama bei na uzuri wa ofisi, wakati jambo linaloamua kama utalala nyumbani au barabarani ni moja tu: gari ya kuvuta iko kilomita ngapi kutoka mahali utakapokwama, na nani ana ruhusa ya kuitoa usiku. Mtoa huduma asiyeweza kujibu swali hilo kwa kutaja jina la mahali hastahili dola yako hata moja.

Bima na depanaji ni vitu viwili

Kwanza tuondoe mchanganyiko ambao unawagharimu watu wengi. Bima ya lazima, ile tunayoiita kwa Kifaransa responsabilité civile, inamlipa mtu mwingine uliyemgonga au uliyemharibia mali. Mkanda wa injini yako ukikatika karibu na Fungurume, bima hiyo haikuhusu. Hata bima ya tous risques, ambayo ni ghali zaidi, kwa kawaida inahusu ajali, wizi na moto. Betri iliyokufa, rejeta iliyotoboka au mafuta machafu ni pane, na pane ni mlango mwingine. Mlango huo ni wa nyongeza, na nyongeza hiyo ina masharti yake.

Mchanganyiko huu una historia. Kwa karibu nusu karne, tangu 1967, SONAS ilikuwa peke yake katika soko la bima la nchi yetu. Hatukuwa na sababu ya kulinganisha, maana hapakuwa na cha kulinganisha nacho. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, na mwaka 2019 kampuni binafsi zilianza kupewa ruhusa ya kufanya kazi, chini ya mamlaka ya ARCA. Ni jambo jema. Lakini uhuru wa kuchagua hauna faida kwa mnunuzi ambaye hajazoea kuuliza maswali. Leo ofisi tatu zinaweza kukuuzia neno lilelile, depanaji, na kila moja ikawa inauza kitu tofauti: moja inakutumia fundi, nyingine inakutumia gari ya kuvuta, ya tatu inakurudishia pesa baadaye kama ulijitafutia msaada mwenyewe na ukaleta risiti. Sasa nani kati yetu amewahi kuona fundi wa pembeni ya barabara anayetoa risiti yenye mhuri?

Kilichotupata karibu na Luisha

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tukitoka Likasi kwenye matanga, tukirudi Lubumbashi. Ndani ya gari tulikuwa mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto wawili. Kabla ya kufika Luisha, mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukatoka mbele. Bomba la maji la rejeta lilikuwa limepasuka. Tukasimama pembeni, tukaweka pembetatu, nikachukua simu. Nilikuwa na kadi ya asistansi iliyolipiwa miezi minne kabla, na namba ilikuwa imeandikwa juu yake kwa herufi kubwa.

Simu ilipokelewa Kinshasa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, hilo nalisema wazi. Akaniuliza kwa Kifaransa niko komini gani, avenyu gani, namba ngapi. Nikamwambia niko kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Likasi na Lubumbashi, Luisha iko mbele yangu. Akasema fomu yake haiwezi kusonga bila komini. Tulibishana kwa upole mpaka salio likaanza kuisha. Mwisho akaahidi kwamba gari ya kuvuta itafika baada ya saa moja.

Baada ya saa tatu nilipigiwa na mtu mwingine, huyu akiwa Lubumbashi. Akaniambia huduma yao inafika kilomita 40 kutoka katikati ya mji, na kuanzia hapo mteja analipa mwenyewe, dola kadhaa kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Sharti hilo halikuwa kwenye karatasi tuliyopewa tulipolipa. Lilikuwa katika kitabu cha masharti ya jumla, ambacho kinakaa ofisini kwao.

Wakati huo malori yalikuwa yanapita mita mbili kutoka kwa watoto. Anayeijua barabara hiyo anajua yanabeba nini: shaba, chokaa, mafuta, asidi. Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe katika jimbo la Lualaba, lori lililobeba asidi lilipata ajali na magari mengine, na watu wasiopungua 18 wakafa. Kusimama pembeni ya barabara ya namna hiyo jua likizama ni hatari ya kweli. Ndiyo maana saa tatu za kusubiri si jambo la kusema pole na kupita.

Dereva mmoja wa lori alisimama, akatoa kamba, akataka kutuvuta mpaka mjini. Tulikuwa karibu kukubali. Aliyetuokoa ni fundi kijana aliyekuja na pikipiki kutoka Luisha, baada ya dereva mwingine kumwambia kuna gari imekwama. Akatazama chini, akasema: “Papa, hii ni otomatiki. Wakikuvuta na kamba mpaka Lubumbashi, mutafika na giaboksi imekufa.” Akakata sehemu ya bomba iliyopasuka, akalirudisha mahali pake, akalikaza kwa klipsi, tukajaza maji. Tulimpa dola 25, tukaenda polepole mpaka nyumbani.

Hesabu ni rahisi. Kadi ya kampuni ilikuwa na ofisi nzuri na namba ya simu inayopokelewa mchana na usiku. Fundi wa Luisha hakuwa na ofisi wala kadi. Lakini alikuwa karibu, aliijua gari, na alisema bei kabla ya kuchukua spana. Vitu hivyo vitatu ndivyo depanaji. Mengine yote ni mapambo.

“Sisi tuna udugu, depanaji ni ya matajiri”

Najua wasomaji wengi watasema: basi, kwa nini nilipe? Kongo hatuachani njiani. Dereva akiona mwenzake amekwama atasimama, na fundi hapotei. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini tusiufanye udugu huo kuwa mpango. Usiku watu wanaogopa kusimama, na wana haki ya kuogopa, maana wako wanaojifanya wamekwama ili waibe. Fundi wa kijijini anaweza bomba, mkanda, tairi na betri. Hawezi kubeba gari yenye giaboksi iliyovunjika. Na bei ya msaada wa ghafla inapangwa kwa kutazama uso wako: mama akiwa peke yake na watoto, bei inapanda, giza likiingia, inapanda tena.

Upande mwingine, nimeona pia huduma iliyofanya kazi vizuri. Jirani yangu anafanya kazi katika kampuni ya usafirishaji ambayo ina mkataba na garaji moja. Garaji hiyo inaweka gari ya kuvuta mjini Lubumbashi na nyingine Fungurume. Gari yao ilipokufa kati ya Tenke na Kolwezi, walitumiwa ujumbe wenye jina la dereva na namba ya gari inayokuja, na chini ya saa mbili ilikuwa imefika, gari yenye jukwaa la kubebea, si ya kamba. Hawakulipa chochote pale njiani. Tofauti na kilichotupata sisi si uzuri wa watu. Tofauti ni kwamba gari ya kuvuta ilikuwa inalala Fungurume.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilomita 120. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni kama 180. Kwenda Kasumbalesa ni kama 90. Mtoa huduma mwenye gari moja ya kuvuta, iliyopaki katikati ya Lubumbashi, hawezi kuwahudumia watu wa barabara hizo zote, hata akiwa na moyo mwema. Na nyuma ya hapo, njia ya Kasenga au ya Mitwaba, hata kuahidi asijaribu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Mtu akikuuzia depanaji, kaa kwenye kiti, usitoe pesa, uliza yafuatayo. Uombe majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Gari ya kuvuta ni yenu au ya kukodi, na usiku inalala wapi? Jibu liwe jina la mji au mtaa. “Tuna washirika kila mahali” si jibu.

Huduma inaishia kilomita ngapi, na zinahesabiwa kutoka wapi? Baada ya hapo kila kilomita ni bei gani, kwenda tu au kwenda na kurudi? Sharti la kilomita liandikwe kwenye karatasi unayoondoka nayo.

Ni gari ya jukwaa au ya kamba? Magari mengi tunayonunua kutoka Japani ni otomatiki, na mengine yanaendeshwa kwa magurudumu manne. Kuyavuta umbali mrefu huku magurudumu yanayosukuma gari yakizunguka chini kunaharibu giaboksi. Utakuwa umepona pane ya dola 25 na kununua pane ya dola elfu moja.

Mnakuja mara ngapi kwa mwaka, na kwa pane zipi? Wengine wanakuja mara moja tu. Wengine hawaji kwa tairi, kwa mafuta kuisha, au kwa funguo zilizofungiwa ndani ya gari, na hizo ndizo pane za kila siku.

Nani anapokea simu usiku wa manane, na anasema lugha gani? Mama mkwe wangu hasemi Kifaransa. Kama angekuwa peke yake na dereva mgonjwa, ile kadi ingemsaidia nini? Kampuni inayouza huduma Katanga iwe na mtu anayejibu kwa Kiswahili na anayejua kwamba Luisha haina avenyu.

Watu na mizigo inaenda wapi? Gari inaweza kusubiri mpaka asubuhi, mtoto hawezi. Uliza kama abiria wanabebwa, na kama gari inapelekwa garaji unayotaka wewe au wanayotaka wao. Gari ikishafika kwenye garaji yao, ni vigumu kuitoa bila kulipa matengenezo ambayo hukuyaomba.

Kisha fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Siku mbili kabla ya kulipa, piga namba yao usiku. Usidanganye kwamba umekwama, uliza tu swali la kawaida: “Nikikwama Kasumbalesa sasa hivi, mtafika baada ya muda gani?” Kama simu haipokelewi, umeshapata jibu, na umeokoa pesa zako.

Ukiuziwa na kampuni ya bima na ikakataa kutimiza kilichoandikwa, lalamika kwa maandishi kwanza kwake, halafu ARCA, maana kazi ya mamlaka hiyo ni kusimamia kampuni za bima. Ukiuziwa na garaji, jua kwamba huo ni mkataba wa biashara wa kawaida, na ulinzi wako ni kile kilichoandikwa na kutiwa sahihi. Kwa hiyo kiandikwe.

Tufanye likelemba ya magari

Kuna njia nyingine ambayo tunaweza kuanza nayo bila kusubiri kampuni. Uingereza, Automobile Association, ambayo leo inajulikana kwa depanaji, ilianzishwa mwaka 1905 na wenye magari wenyewe. Ujerumani, chama cha ADAC kilianza 1903 kama chama cha waendesha pikipiki. Havikuanza kama kampuni za bima. Vilianza na watu waliotoa michango na kuweka nguvu pamoja, kisha huduma ya kuwasaidia waliokwama ikakua ndani yake.

Kitu hicho hakiwezi kuwa kigeni kwetu, sisi watu wa likelemba. Wenye mabasi madogo ishirini wa njia moja wanaweza kukubaliana na garaji moja yenye gari ya kuvuta. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kidogo. Garaji inapata pesa ya hakika, hata mwezi ambao hakuna aliyekwama. Wao wanapata bei iliyopangwa mapema, na mtu anayewafahamu kwa majina. Kwenye kila kituo kikubwa cha njia, Luisha, Likasi, Fungurume, wanachagua fundi mmoja, wanahifadhi namba yake, na analipwa kwa pesa za simu kutoka kwenye mfuko, ili asiogope kutoka usiku. Vyama vya madereva, ACCO miongoni mwao, vina wanachama na vina viongozi. Michango vinaikusanya tayari. Wanachama wana haki ya kuuliza: katika michango hiyo, ipi inanitoa barabarani nikikwama?

Na peaji je?

Neno la mwisho ni kwa viongozi wetu. Barabara ya kutoka Kasumbalesa mpaka Kolwezi inalipiwa. Tunalipa peaji. Tunalipa pia ndani ya bei ya mafuta, maana FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa kwa sheria ya 2008, unapata sehemu yake kwenye kila lita. Katika nchi nyingi, anayelipia barabara ya peaji anategemea kwamba gari iliyokufa katikati ya njia itaondolewa na msimamizi wa barabara hiyo, kwa ajili ya usalama wa wote. Hapa kwetu lori linaweza kulala siku mbili kwenye mzunguko wa barabara, likiwa limewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu, na usiku linangoja kugongwa.

Hatuombi miujiza. Gari moja ya kuvuta kwenye kila kituo cha peaji, namba moja ya simu iliyoandikwa kwenye risiti, na vibao vya kilomita vinavyosomeka ili mtu aweze kusema yuko wapi. Huo uwe ndio msingi, na kampuni binafsi zishindane juu yake. Majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba yanaweza kulidai jambo hili kwa wasimamizi wa peaji mkataba unapojadiliwa tena. Wabunge wetu wa majimbo, tunaowaona wakipita barabara hiyohiyo kila wiki, wanaweza kuliuliza hata kesho.

Mpaka hapo, kila mmoja wetu aanze na kilicho mikononi mwake. Leo jioni chukua karatasi yako ya asistansi, tafuta mstari unaosema huduma inaishia wapi, na piga namba iliyoandikwa. Waulize gari ya kuvuta inalala wapi. Wakikosa jibu, waambie kwa heshima kwamba mwaka ujao pesa zako zitakwenda kwa yule anayelijua.